Farumi ya Subaru

Betri ya Subaru yangu niliipimia kwenye mizani ya samaki. Mizani ya bafuni nyumbani imezoea kuwapendeza watu, haiaminiki. Rafiki yangu wa soko la samaki, pale karibu na jeti ya Malindi, ana mizani ya kuning'iniza ambayo ikishasema hata wachuuzi wabishi hunyamaza. Tuliitia betri guniani kwanza, maana asidi na nguru havifai kushiriki ndoana moja. Sindano ikashuka, ikatetemeka, ikatulia kwenye kilo 16 na gramu 300.

"Huyu hana mnofu," akasema. "Mifupa mitupu."

Kisha nikampa ile mpya, niliyokuwa nimeibana kwapani muda wote huo. Kilo 3 na gramu 400. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Hii ni betri, au ni boksi la betri?"

Gari lenyewe ni Impreza WRX STI ya mwaka 2005, lita mbili, turbo. Lilitoka Japani likashukia bandari ya Mombasa, likapita mikononi mwa watu wawili kabla ya kunifikia mimi. Mimi ni wa kizazi kilichomwona Colin McRae kwenye televisheni mwaka 1997 akishinda Safari Rally kwa Impreza ya buluu. Nilikuwa mtoto, na tangu siku hiyo sikutaka gari jingine. Wenzangu wengi walipona ugonjwa huo walipooa. Mimi sikupona.

Mwenye ugonjwa huu hufika mahali akaanza kuhesabu kilo. Kwanza unatoa tairi la akiba, halafu zulia la buti, halafu usiku huna usingizi unajiuliza ni nini tena ndani ya gari hili ni kizito na hakina kazi. Betri hujitokeza mapema kwenye hesabu hizo. Ni kitu kimoja, kinafunguka kwa spana moja, na ndani yake ni risasi, yaani madini yaleyale ya kutengenezea chubwi za kuzamishia nyavu.

Kwenye Subaru kuna sababu ya zaidi. Pistoni za injini yake hulala chali, mbili kulia na mbili kushoto, na injini karibu yote imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Gari ni zito puani: karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele. Na betri nayo wameibandika hukohuko mbele, nyuma tu ya taa ya upande wa abiria. Ukitoa kilo 13 pale si sawa na kuzitoa chini ya kiti cha dereva. Mtu wa pwani haelezwi jambo hili mara mbili. Chombo kilichojaa mzigo omoni, yaani mbele, hukata maji vibaya na hakitaki kugeuka. Uhamishe mzigo kidogo tu, nahodha atahisi mkononi.

Kwa hiyo nilipomweleza ami yangu, ambaye maisha yake yote ni mashua, nilidhani atanielewa na kunipongeza. Alikuwa kibarazani na kikombe chake cha kahawa chungu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umetoa farumi."

"Nimetoa, ami."

"Na tanga umepunguza?"

Nikacheka. Nikadhani ni maneno ya wazee, ya kuzungushia kikombe. Farumi, kwa msomaji wa bara, ni yale mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kisipinduke. Ukiitoa chombo huwa chepesi na huenda mbio, lakini lile tanga kubwa ulilokuwa ukilitweka sasa halikufai tena.

Sasa tuje kwenye betri yenyewe. Betri ya kawaida ya gari haijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859: sahani za risasi ndani ya asidi ya salfa, vyumba sita, kila kimoja volti mbili na kidogo. Ikijaa na kupumzika, mita husoma 12.6 au 12.7. Hii mpya ni ya lithiamu na fosfati ya chuma. Ina vyumba vinne tu, kila kimoja volti 3.2, na ikijaa hupumzika kwenye 13.3 hivi. Mchanganyiko huo ulitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990. Mzee huyo alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97, kwa kazi zake za betri za lithiamu. Si ile lithiamu ya simu inayovimba ikapasuka mfukoni. Fosfati huishikilia oksijeni yake hata ikipata joto, ndiyo maana haiwaki moto kwa urahisi. Mtu anayeiweka chini ya boneti Malindi, mwezi wa Februari, ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa pesa.

Pesa zenyewe nitazitaja kwa fumbo: zingenunua betri tatu za kawaida na kubakisha chenji ya biriani ya watu wanne.

Jambo moja wauzaji hawalisemi kwa sauti. Kwenye boksi kumeandikwa 60 kwa herufi kubwa. Ukiligeuza, chini kabisa kwa maandishi ya kutazamwa na miwani, kumeandikwa ampea-saa 20, yaani kiasi cha umeme inachoweza kuweka. Ile 60 ni "sawa na betri ya risasi ya 60", kwa maana ya nguvu za kuzungusha stata, ile mota ya kuwashia injini. Na kweli, stata inazunguka vizuri, kwa sababu betri hii haidondoki volti ikikamuliwa. Lakini akiba iliyomo ndani ni 20. Kasi ya mkimbiaji wa mita 100 haikuambii amebeba maji kiasi gani. Mimi niliyasoma yale maandishi madogo, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kuifikisha Malindi nako kulikuwa kazi. Mpwa wangu yuko Dubai, nikamwambia aitie kwenye sanduku la nguo. Kaunta ya ndege wakaitoa. Hesabu ni fupi: ampea-saa 20 mara volti 12.8 ni wati-saa 256, na abiria haruhusiwi kusafiri na betri ya lithiamu inayozidi 160. Kama mzigo wa peke yake nako ndege za abiria zimefungiwa tangu Aprili 2016. Kwa hiyo ikaja kwa meli, taratibu kama tende, nikaichukulia Mombasa na kuileta mapajani mwangu kwenye matatu. Pale Kilifi abiria wa jirani aliniuliza kama ni redio.

Fundi wangu ni mtu wa umeme wa magari, ana kibanda kwenye mtaa mmoja nyuma ya barabara ya Lamu, na ana tabia ya kutogusa kitu kabla ya kukipima. Nilimfikia na spana mkononi. Akaniambia niiweke chini, niwashe gari na betri ileile nzee, nipandishe injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Akaweka ncha za mita ya volti kwenye teminali.

15.2.

Akapima tena. 15.2.

"Kila mwezi unaongeza maji ya betri?" akaniuliza.

Naam, kila mwezi. Nilikuwa na chupa ya maji ya betri kwenye buti, nimeizoea kama dawa ya presha, na nikiulizwa nasingizia joto la Malindi. Kumbe ni altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Regyuleta yake, yaani kidhibiti cha volti, ilikuwa imechoka, inaachia umeme mwingi kupita kiasi, na betri ya risasi ilikuwa ikiupokea wote, ikitokota, ikipumua gesi na kukaukiwa, bila kulalamika. Miaka miwili! Fundi akasema risasi ni mvumilivu kama mke wa kwanza, na mimi hapo nikatazama pembeni.

Lithiamu haina uvumilivu huo. Mwisho wake ni volti 14.6. Ndani yake kuna kifaa kidogo cha kielektroniki kinacholinda vyumba vyake, na kikiona volti 15 kinajikata. Hapo ndipo kuna hatari ambayo mimi sikuwa nikiijua kabisa. Betri ikijikata injini ikiwa inanguruma, altaneta hubaki haina pa kumwaga umeme wake, volti huruka juu ghafla, na kitakachoungua ni kompyuta ya gari. Kwa maneno mengine, kama fundi angekuwa mtu wa haraka kama mimi, ningefunga betri ya bei ya mbuzi kadhaa na kuua kompyuta ya bei ya ng'ombe, safari moja ya Watamu.

Tukabadilisha regyuleta. Mita ikasoma 14.2, ikakaa hapohapo injini ikiwa chini na ikiwa juu. Halafu akafuata waya mnene wa ati, ule unaotoka betri kwenda kwenye bodi ya gari. Alipoufungua, chini ya nati palikuwa na unga wa kijani na nyeupe, chumvi ya bahari imekula shaba na kuitafuna. Akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akapaka grisi. Nyumba yangu iko mita mia tatu kutoka ufukweni na upepo wa kusi hauna adabu. Nyaya za gari langu zina umri mara mbili ya nyaya za gari la Nairobi.

Kufunga kwenyewe kulichukua nusu saa. Wakati wa kutoa, waya mweusi kwanza, kwa sababu ukianza na mwekundu na spana ikagusa bodi, cheche zake utazisimulia. Spana namba kumi. Betri nzee ikatoka kwa kuguna, ikiacha kitako chake kitupu, kikubwa, na ndani yake ile mpya ikaonekana kama mtoto aliyekalishwa kiti cha babu. Haiwezi kuachwa hivyo, kwa matuta yetu itarukaruka mpaka iguse kitu. Watu wakatoa ushauri. Mmoja akataka kipande cha boriti ya mkoko. Mwingine, sponji ya godoro, ambayo ingelowa na kuoza kabla ya mvua kwisha. Fundi akamtuma kijana wake dukani akarudi na ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Akaupima, akaukata kwa msumeno vipande vinne, akapanga kuizunguka betri, akaishika juu kwa bapa la alumini na boliti mbili. Plastiki ile hailiwi na asidi, hainywi maji, na haioti kutu. Mpaka leo ukifungua boneti yangu utaona alama za kisu kwenye kimoja cha vipande hivyo, kwa sababu kijana aliujaribia nyanya kwanza.

Gari likawaka kwa mguso. Silegezi maneno: kabla ya hapo stata ilikuwa ikisema "njo, njo, njo, njoo." Sasa ni mlio mmoja tu, kama kuchana kanga mpya.

Na mbio? Alfajiri ya Jumapili nililipeleka barabara ya Kakuyuni, ile inayokwenda mpaka lango la Sala la Tsavo Mashariki, ambako saa hizo unakutana na mbuzi na waendesha baiskeli wa mkaa tu. Nilikata kona ninazozijua. Nikajisikiliza. Nikarudia. Nitasema kweli: sijui. Kwenye tuta pua inainuka kwa wepesi zaidi, au nataka iwe hivyo. Gari lina kilo 1,430 na ushei, nimetoa 12.9, haifiki hata asilimia moja. Uzito huo ni wa lita 17 za petroli. Ningeendesha na tangi nusu ningepata faida kubwa kuliko hii, bure, ingawa si puani. Anayekuambia alihisi tofauti kwenye kiti, mwulize kama risiti bado anayo.

Wiki tatu baadaye tukaenda Lamu kwa harusi ya upande wa mama. Basi mpaka Mokowe, mashua mpaka mjini. Siku tisa. Lamu hakuna mtu wa kuzungumza naye habari za betri, usafiri wa mji mkongwe zaidi ni punda na miguu, na kwa siku tisa nilikuwa mtu mwenye afya ya akili.

Nilirudi Malindi usiku. Nikabonyeza ufunguo, kimya. Nikafungua mlango kwa ufunguo wenyewe, taa ya ndani haikuwaka. Asubuhi nikaweka mita: volti 1.8. Betri ya risasi ikisoma 1.8 unaisomea Fatiha. Jirani mwenye tuktuk akaja mbio na nyaya za kujampu, mkarimu kama kawaida yake, ameshafungua kiti cha nyuma. Namshukuru Mungu nilimpigia fundi simu kwanza.

"Usijampu. Haijafa, imejifungia ndani."

Akaja na betri ya bodaboda chini ya mkono na chaja ndogo. Akaeleza huku akifanya. Akiba inapokaribia kwisha, kile kifaa cha ulinzi hukata mawasiliano ili vyumba visikaukie kabisa. Unachopima nje ni mlango uliofungwa, si chumba. Ukijampu na kuwasha gari hapohapo, betri yenye njaa kiasi hicho hufyonza umeme wa altaneta kwa pupa, na altaneta hupata joto ambalo halikuumbiwa. Na ukiipeleka kwa wachaji betri wa mjini, chaja nyingi zina ule mtindo wa kupiga volti kubwa kwa vipindi ili kufufua sahani za risasi. Kwa lithiamu hiyo ni sumu. Akaiunganisha betri ya bodaboda sambamba na yangu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akahesabu polepole mpaka kumi. Mita ikaruka kutoka 1.8 hadi 11 na kitu. Imefungua mlango. Akatoa ya bodaboda, akaweka chaja kwenye 14.4, ampea mbili tu, tukaenda kunywa chai na mahamri. Chaja ile haikuwa na haraka. Ilikaa mpaka usiku.

Lakini nani aliyekunywa zile ampea-saa 20?

Fundi akafungua waya mweusi, akaweka mita katikati ya njia kama askari wa kizuizi, akasubiri nusu saa gari lilale vizuri. Ikatulia kwenye ampea 0.11. Si kitu, utadhani. Zidisha kwa saa 24: ampea-saa 2.6 kila siku. Ishirini gawanya kwa 2.6, haifiki hata siku nane. Betri ya risasi ya ampea-saa 65 kwa hizohizo siku tisa ingetoa 24, ingenuna kidogo, ingewasha gari, nami nisingejua chochote.

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja, yeye akitazama mita, mimi nimejikunja chini ya dashibodi, jasho linaingia machoni. Redio, hakuna kitu. Taa za ndani, hakuna kitu. Alamu, ikashuka kidogo. Ile ya tatu kutoka mwisho, mita ikaporomoka hadi 0.03. Tukafuata waya. Nyuma ya kisanduku cha glavu, kimefungwa kwa utepe mweusi uliokuwa umeyeyuka, kulikuwa na kidude cha ukubwa wa kiberiti. Kifaa cha kufuatilia gari, cha mwenye gari wa kwanza au wa pili, laini yake ya simu ilishakufa zamani, na bado kilikuwa kinaita mtandao usiku na mchana bila kujibiwa. Tangu ninunue gari hili nilikuwa nakilisha.

Nilikishika mkononi. Kilikuwa na joto.

Sasa gari linakunywa ampea-saa 0.7 kwa siku, karibu mwezi mzima mpaka betri ikauke. Jioni nilimpelekea ami kile kidude. Akakigeuzageuza, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ndiyo tanga. Hakucheka, alisogea tu kibarazani nipate pa kukaa.

Imebaki ile betri nzee. Wanunuzi wa vyuma kuukuu wanapita na mkokoteni kila Jumamosi, na betri ndiyo wanayoiulizia kwanza kwa sababu ya risasi. Sijaitoa. Watu wa pwani tunajua risasi ikiyeyushwa ovyo hufanya nini. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu mtaa mzima, watoto kwa wazee, na Phyllis Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania watu hao. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Siwezi kumkabidhi mtu wa mkokoteni kilo 16 nisizojua zitaishia jikoni kwa nani. Duka lililoniuzia huichukua na kupunguza bei ukinunua nyingine, nami sinunui nyingine.

Na kwa kweli imepata kazi. Porsche walikuwa wa kwanza kuuza gari lenye betri ya stata ya lithiamu kutoka kiwandani, Januari 2010, kwa 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder. Ilikuwa chini ya kilo sita, na bei yake Ujerumani ilikuwa euro 1,904. Ila walimpa mteja na betri ya kawaida pamoja nayo, ya kufunga wakati wa baridi kali, kwa sababu lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sufuri haina hamu ya kuwasha gari. Baridi hiyo Malindi tunaisikia redioni. Lakini wazo la kuwa na mbili nimelichukua. Betri nzee nimeijaza maji, altaneta haiichemshi tena, inakaa stoo juu ya ubao.

Mwezi ujao kuna harusi nyingine Lamu. Spana namba kumi nimeshaitia kwenye mfuko wa mlango.